Hajakosa Hata Moja

Madereva wenzake walimwita mume wangu Bundi, maana enzi za malori ya kawaida hakuna aliyewahi kumwona akisinzia njiani. Kisha kampuni ikaleta malori yanayojiendesha. Kazi yake ikawa kukaa mbele ya usukani asioushika na kutazama barabara. Kengele ikilia, abonyeze kitufe kuonyesha kwamba yuko macho. Alisema ni kama kuajiriwa kulinda kuku waliokwisha kufungiwa bandani.

Jana mchana alikuwa anakoroma kwenye kochi, simu yangu ikalia, ujumbe umeingia. Kidole gumba chake kikabonyeza mto. Nikailiza tena makusudi. Kikabonyeza. Alipoamka nikamweleza, akacheka, eti sasa nampeleleza mpaka usingizini. Sikio la kufa halisikii dawa. Leo alfajiri akaondoka na lori.

Nilijaribu kufua, nikashindwa. Nikaenda ofisini kwa msimamizi wake, ambaye waliendesha malori pamoja miaka mingi.

“Shemeji, nakuomba, lisimamishe lile lori. Amelala. Jana nilikiona kidole chake kikibonyeza usingizini, kila kengele ilipolia.”

Akanigeuzia skrini. Kila kengele ilipolia lorini, duara la kijani liliwaka.

“Amelala wapi? Tazama mwenyewe. Tangu alfajiri hajakosa hata moja.”

“Hiyo ndiyo inayonitisha. Aliye macho angekosa japo moja, akijikuna, akinywa maji. Mpigie basi.”

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika.

“Wamekatazwa kupokea njiani,” akasema. “Na kulisimamisha kutoka hapa lazima niombe ruhusa kwa wakubwa. Niwaambie nini, shemeji? Kwamba mkewe ameona kidole?”

Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, kwenye sakafu ya ofisi ya watu. Sikuona aibu. Niliogopa tu. Akanishika mkono kuniinua, na hapo skrini ikabadilika: mbele kuna daraja linalotengenezwa, dereva ashike usukani.

Kengele ikalia. Duara la kijani likawaka.

“Umeona?” akasema. “Amejibu.”

“Usukani je? Ameushika?”

Alama ya usukani ilikuwa nyekundu. Aliuachia mkono wangu, akainua simu ya mezani kuwatafuta wakubwa, akikosea namba. Mimi nilikuwa nikimwita mume wangu kwenye kile kioo, amka, baba watoto, amka.

Kengele ikalia tena. Mume wangu akabonyeza.