Diski Iliyobadili Herufi

Mashine ya kupiga picha za kichwa ilikataa kuanza. Ghala la kompyuta linalohifadhi picha zake lilikuwa limejaa pomoni. Na humo ndani ya mashine, amelala chali, alikuwa fundi mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili asubuhi hiyo. Bila picha, daktari asingejua damu inavujia upande gani wa kichwa, wala apasue wapi.

Aliyeitwa mbio ni mama mtunza kompyuta za hospitali, ambaye wenzake wote walimwita Mama Waya. Alikuja na diski mpya kwapani.

"Mama, futa picha chache za zamani tuendelee," daktari alisema kabla hata hajamsalimu.

"Nifute za nani, mwanangu? Kila picha ina mwenyewe, na wengine wamelala wodini."

Akaizima kompyuta, akachomeka diski kwenye nafasi iliyokuwa wazi, akaiwasha. Kazi yenyewe aliijua kama jiko lake. Kompyuta ile ilikusanya nafasi za diski zake kama maji katika pipa moja, kisha ghala likachotewa kipimo chake humo. Ghala likijaa, unaongeza diski kwenye pipa, unalichotea zaidi, wala hakuna kinachohamishwa. Ila diski moja ilikaa nje ya pipa, ya akiba, yenye picha za wagonjwa za miaka tisa. Kompyuta huziita diski kwa herufi. Ya pipa ilikuwa a, ya akiba b, kwa hiyo mpya ingekuwa c. Alikwisha kuiandika c kiganjani, maana haraka humsahaulisha mtu hata jina lake.

"Fundi, una watoto wangapi?" daktari aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Wanne," mwashi alijibu kutoka ndani ya mashine. "Watano ukimhesabu mama mkwe."

Mama Waya akaandika amri ya kuiandaa diski c. Kompyuta ikamjibu kwa swali: diski hii ina alama za data, nizifute? Ndiyo au hapana.

Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe. Diski imetoka kwenye boksi sasa hivi, data imeitoa wapi?

"Bonyeza ndiyo, mama. Inauliza tu."

"Ngoja."

Daktari akarudi kwenye kipaza sauti. "Fundi, watoto wangapi?"

Jibu likaja kwa ulimi mzito: "Wa... tatu."

"Mama, huyu anatutoka. Bonyeza."

"Nikibonyeza bila kujua, nitafuta miaka tisa ya watu. Nipe dakika."

"Hana dakika."

"Basi usinisemeshe."

Akajibu hapana. Akaitaka kompyuta imwonyeshe namba ya kiwandani ya kila diski, akazilinganisha na ile ya kwenye boksi, tarakimu mojamoja, midomo ikimcheza. Mpya ilikuwa b. Nafasi alimoichomeka ilitangulia ile ya akiba, na kompyuta ilipowaka ikahesabu upya. Akiba ndiyo iliyokuwa c.

Akaiandaa b. Safari hii hakuulizwa kitu. Akaitia kwenye pipa, akalichotea ghala. Mashine ikasema vilevile: limejaa.

"Mama," daktari alisema.

Amri moja ilikuwa bado, ile ambayo wenye haraka huiruka. Ghala limeshapewa nafasi, lakini mpangilio wa ndani haujaambiwa ujitanue. Akaiandika, herufi kwa herufi. Taa ya mashine ikawa kijani, kitanda kikaanza kusogea.

Picha zikaingia moja baada ya nyingine, na kwenye ya sita likatokea doa jeupe la damu.

"Kulia," daktari alisema, tayari yuko mlangoni.

Mama Waya hakuondoka kwenye kiti. Alizikagua picha za akiba, mwaka kwa mwaka, akazikuta zote. Mchana simu ikalia kutoka chumba cha upasuaji. Damu imetolewa, mgonjwa anapumua mwenyewe.

"Haya, ahsanteni," alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akaifuta ile c kiganjani.