Mkono wa Kuibia Karata

Kabla kiharusi hakijampiga, mzee alikuwa fundi wa kufuli, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi mbili: mchana kuwafungulia milango waliopoteza funguo, jioni kuiba karata. Jirani yake kinyozi alilijua hilo tangu wote wawili wakiwa na nywele. Kila jioni walicheza, kila jioni waliitana wezi, na kesho yake kinyozi alirudi na kigoda chake kama mtu aliyekuja kukata rufaa.

Sasa mkono ule ulikuwa umejilalia tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Mguu ulikuwa unarudi pole pole. Ulimi ulirudi wote, tena na nyongeza. Vidole ndivyo viligoma. Mtaalamu wa viungo alimpa kimpira cha kubinya, mzee akakigeuza geuza, akamwambia binti yake, "Kampe mtoto anayeota meno."

Binti alikuwa mshona mapazia, na cherehani yake alikwisha kuihamishia sebuleni ili amwangalie baba. Mtaalamu alimwambia kando: vidole vitaamka mzee mwenyewe akivitaka; asipovitaka, vitazoea usingizi. Na mzee hakutaka kitu. Hata karata aliziacha.

"Mbona huchezi siku hizi, baba?"

"Kinyozi ananiachia nishinde. Juzi alikuwa na ree ya kopa, karata inayomeza zote, akaificha akatupa takataka. Nimepooza mkono, mwanangu, sikupooza macho."

Binti akaenda kwa kinyozi, akamkuta ananoa wembe.

"Mjomba, unamuua baba yangu."

"Mimi? Mimi si namwonea huruma tu, mgonjwa wa watu."

"Ndiyo hiyo inayomuua. Mchape."

"Atanuna."

"Anune."

Jioni kigoda kikaja. Ubao ukawekwa mapajani kwa mzee, juu ya shuka, na karata zake zikachomekwa kwenye manyoya ya brashi ya viatu, azichomoe kwa mkono wa kushoto. Akachapwa. Akachapwa tena. Kinyozi, aliyekuwa na kejeli za miezi tumboni, akafunguka.

"Fundi wa kufuli, leo umefungiwa nje. Nikuitie fundi?"

Masikio ya mzee yakaiva.

Mchezo uliofuata, binti aliinua uso kutoka kwenye pazia ili akate uzi, na hapo akaona. Kinyozi alikuwa ameinama kuokota karata iliyodondoka. Kidole cha shahada cha mkono mgonjwa kikatambaa, gumba nyuma yake, kama wezi wawili wanaojuana, vikaikokota ree ya kopa kutoka kwenye rundo la zilizokwisha kuchezwa hadi chini ya shuka.

Moyo wa binti ulitaka kupiga vigelegele, akaubana. Angeweza kunyamaza, mzee apate ushindi wake mmoja. Lakini kunyamaza nako ni kumwachia, na baba ana macho.

"Baba, toa."

"Nitoe nini?"

"Ree. Iko chini ya shuka."

Kinyozi akainuka. "Nilijua. Siku za mwizi arobaini."

"Mimi?" Mzee akavaa ule uso mnyonge aliouweka kwa ajili ya madaktari. "Mwenye mkono mbovu ataibaje? Kamuulizeni mtaalamu."

"Basi funua."

"Mgonjwa hafunuliwi ovyo."

Binti akafunua. Vidole viwili vilikuwa vimeibana ree mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akashika ncha ya pili, akavuta. Haikutoka.

"Achia, baba."

"Siachii," mzee akasema, kisha akauangalia mkono wake mwenyewe kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa kwa ndani. Kinyozi naye akausogelea.

"Vuta tena," mzee akasema taratibu.

Binti akavuta kwa nguvu zake zote. Karata kuukuu ikachanika katikati, na nusu ya mwizi ikabaki kwa mwizi.