Weupe wa Wiki ya Kumi na Moja

Wiki kumi nilikuwa nimetabiri timu yetu, Green Bay, itashinda, na wiki kumi mashine ilikuwa imeniumbua. Hakuna anayegusa kitu: kila Jumamosi mchana tunaichomeka ile gemu ya video ya zamani ya mpira wa Kimarekani kwa shemeji yangu Gordy, tunabandika utabiri wetu kwenye friji, halafu timu zinacheza zenyewe. Sisi kazi yetu ni soseji na kutukanana.

Siku ile theluji ilinichelewesha. Nikakuta weupe, wale wenye jezi nyeupe, wanawafunga wenzao watakavyo. Televisheni ya Gordy ni kuukuu: majina ya timu yamekatika juu, na kijani yetu na buluu ya wengine zote zinaonekana rangi ya matope.

"Hawa Chicago hawana haya kabisa!" nikafoka.

Gordy akanikodolea macho. "Chicago wamefanya nini tena?"

"Kwani huoni?"

"Naona. Wewe ndiye sikuelewi, shemeji."

Mimi pia sikumwelewa. Green Bay yetu inapigwa hivi, naye anatafuna tu! Weupe walipochomoka kwenda kufunga tena, nikang'oa waya ukutani. Picha ikapotea.

"Duane," Gordy akasema polepole, "leo tulikuwa ugenini. Ugenini tunavaa nyeupe."

Kumbe nilisoma ratiba ya wiki ijayo, tutakapowakaribisha Chicago nyumbani.

Kwenye friji kuna sheria: mechi iliyokatika ianze upya. Mwandiko ni wangu.

Tukaanza upya. Tulifungwa arobaini na mbili kwa sifuri, na safari hii nilijua vizuri kabisa sisi ni wepi.