Viatu vya Tahashi

Valéry alikuwa amependa mpaka hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Siku ya kufata irembo, yaani siku ukoo wake ulipokwenda Nyakabiga kujitambulisha kwa wakwe, alikaa akimtazama Dévote akipitisha Fanta, na maneno ya wazee hayakumwingia hata moja. Alizinduka pale tu mzee Libère, mlezi wa Dévote, aliposema kwamba siku ya mahari binti atatoka chumbani amevaa viatu vya ngozi ya tahashi. Kama havipo, hatoki.

Mchezo huo kila mtu anaujua. Upande wa msichana hudai lisilowezekana, msemaji wa upande wa pili hulirudisha kwa maneno matamu, watu wakacheka, chupa zikafunguliwa. Lakini msemaji wa kina Valéry alikuwa baba yake mdogo, Dieudonné wa Kanyosha, mtu ambaye ni afadhali afe kuliko kukiri kuna kitu hakijui. Akanyoosha koti, akasema, "Vitakuja."

Mdomo uliponza kichwa. Libère mwenyewe alishtuka, maana lililokubaliwa mbele ya watu halirudishwi, na mahari ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili.

Ikabaki kumjua huyo tahashi. Valéry aliomba ruhusa ofisini kwake Rohero, akazunguka mji. Padri akamwambia ni jina la mnyama la Kiebrania cha kale, na tafsiri ya Kiswahili inamwita pomboo. Valéry akauliza pomboo anauzwa soko gani. Padri akasema baharini. Mchungaji mmoja akashikilia kwamba ni mnyama wa nchi za baridi mwenye milia usoni, anayechimba mashimo. Mwalimu wa chuo akasema hata si mnyama, ni ngozi iliyotiwa rangi tu. Mwenzake akampinga palepale: kuna wazee wa Kiyahudi waliosimulia kwamba alikuwa na pembe moja na rangi za kila aina, akatokea zamani mara moja, kisha akafichwa. Kufikia saa kumi Valéry alikuwa na wanyama chungu nzima lakini hana hata ukwato mmoja, akaanza kucheka peke yake barabarani.

Aliishia kwa Twalibu, fundi wa viatu. Twalibu alimsikiliza mpaka mwisho, akawa na swali moja tu: huyo mnyama wao si nguruwe? Valéry akamwapia kwamba katika ubishi wote ule nguruwe hakutajwa. Fundi akaridhika, akatandaza ngozi ya mbuzi, akashona viatu, akavipaka nyekundu na buluu mpaka kwenye soli.

"Kama akuna mutu amemuona," alisema, "nani atasema si yeye?"

Jibu hilo lilimfurahisha Valéry kupita kiasi. Alilikariri kila asubuhi akinyoa ndevu.

Jumamosi Libère alivishika vile viatu, akavigeuza, akavinusa. "Ni nyama gani huyu?"

Dieudonné alifungua mdomo. Valéry akamkanyaga mguu. Jibu la fundi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini akaona macho ya mzee yamelowa. Mzaha wote ukamtoka.

"Ni mbuzi, muzee. Tahashi nilimutafuta kila pahali, sikumupata. Akuna mwenye kumujua."

"Na mi simujui," alisema Libère, aliyefundisha Kiebrania kwa wachungaji miaka thelathini.

Kisha akaeleza taratibu. Katika Maandiko yote, neno hilo hutajwa kwa ngozi ya kufunika hema la Mungu na vyombo vyake. Mara moja tu ni viatu, tena vya mtoto wa kike aliyetupwa kondeni siku aliyozaliwa. Mungu akapita, akamwokota, akamwosha, akamvika. Hakuna asiyejua kwamba Dévote aliokotwa na Libère kando ya mfereji, hajamaliza siku mbili duniani.

"Mi nilikuwa na kambambili tu za kumuvalisha," alisema mzee. "Nilitaka nione kama mwenye kumuchukua ataangaika."

Valéry hakumngoja msemaji. Alivichukua viatu, akaenda hadi mlango wa chumba, akapiga magoti na suti yake mpya, akamvisha Dévote kimoja kimoja. Cha kushoto kilibana, na Dévote akacheka huku analia.

Libère akavitazama. "Basi uyu ndiye tahashi. Atoke."

Vigelegele vikapasua bati. Twalibu, aliyevileta viatu asubuhi ile baada ya kuzipaka soli upya, alikuwa nyuma kabisa akijaribu kuwaambia watu kwamba rangi haijakauka vizuri, lakini nani angemsikia. Dévote alitoka, na kila alipokanyaga sakafu ya mzee alibakiza alama nyekundu na buluu, kutoka chumbani hadi kizingitini. Mpaka leo Libère amekataza zisifutwe.