Kopo la Pipi Lisilo na Pipi

Habari ile fundi alirudi nayo nyumbani kichwani, pamoja na misuko. Misuko ilibana, habari nayo ilibana, na hakujua kipi kinamuuma zaidi.

Msusi ndiye aliyemtia yote mawili. Alikuwa amemwinamisha, kitana mdomoni, akasema kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha, "Umesikia ya yule mtoto wa kule nyuma ya soko? Kameza kitofali. Vile vya plastiki vya kuchezea. Kimeenda kukaa kwenye pafu. Wamempasua."

"Mtoto wa nani?"

"Wa mama mmoja hivi. Tulia, utaniharibia njia."

Mama mmoja hivi! Hakuna mtu mwenye mabalaa duniani kama huyo mama mmoja hivi. Ndiye aliyelipukiwa na jiko la gesi, ndiye aliyeibiwa simu huku anaongea nayo, na mpaka leo hajapatikana mtu aliyewahi kusalimiana naye. Mwenye akili zake angecheka akaenda zake. Fundi hakucheka. Alikuwa fundi cherehani wa kushonea nyumbani, hodari wa mkono, lakini likija suala la watoto moyo wake haukuwa na uzito wowote. Ukiupuliza tu, umeruka.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa walimwita Injinia, kwa sababu tangu ajue kukaa alikuwa akijenga. Mdogo alikuwa Bonge, mashavu matupu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika viti. Vitofali vililetwa na baba yao, dereva wa lori, ambaye kila safari, badala ya kurudi mapema, alirudi na mfuko wa vitofali. Vilikuwa vimekuwa rundo la kuchota kwa beseni.

Namna ya kuvitunza ilikuwa nyepesi mno, na labda ndiyo maana ilidharauliwa. Injinia akitaka kujenga, fundi anatandika shuka kuukuu sakafuni, anamwaga, mtoto anajenga humo humo. Wakimaliza, pembe za shuka zinakusanywa, zinafungwa fundo, furushi linatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Basi. Bonge aliwahi kuonja kimoja kikubwa, akakitema na kukunja uso kama aliyenyweshwa dawa. Tangu siku hiyo kwake vitofali vilikuwa mawe.

Lakini baada ya kusukwa, fundi hakutulia. Aliinua mito ya makochi. Alipiga tochi chini ya kabati mchana kweupe. Kila akipita karibu na Bonge alimshika kidevu, "Hebu achama," akamchungulia hadi kooni, mpaka ikafika mahali mtoto akimwona mama yake tu anaachama mwenyewe, kama kifaranga.

Kisha akafanya kosa. Akamwambia wifi yake.

Huyu wifi, dada wa mumewe, kazi yake ilikuwa kupanga nyumba za watu. Alikuwa na cheti. Cheti cha kupanga vitu kwenye rafu! Alikuwa na kundi la kwenye simu, wanawake tu, kutwa kutumiana picha za makopo yaliyosimama mstari na kusifiana kana kwamba wamejenga daraja. Nyumba yake mwenyewe ilipangwaje, hakuna aliyejua, maana hakuwahi kuipiga picha wala kumkaribisha mtu.

Alifika, akaliona furushi nyuma ya mlango, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Wifi, hiki nini? Hapa ni kwa dobi?"

"Ni vitofali vya mtoto."

"Ndiyo maana watoto wanameza! Kitu kikikosa makazi yake kinazurura. Niachie mimi. Wewe kashone."

"Ila vile vidogo, wifi..."

"Nimesema kashone."

Fundi akaenda kushona. Masikio aliyaacha sebuleni.

Wifi alikuwa amekuja na makopo ya plastiki yanayoonyesha ndani, yale ambayo wenye maduka huwekea pipi kaunta, yakiisha wanawagawia wateja. Alikaa sakafuni akaanza kutenganisha. Vyekundu huku, vya njano huku, vya bluu huku. Injinia alisimama pembeni, mikono kiunoni, kama msimamizi aliyekuta ukuta umepinda.

"Shangazi, hivyo unavichanganya."

"Sichanganyi. Napanga. Huoni rangi?"

"Mimi sitafuti rangi, natafuta umbo. Chekundu nitakiona hata kikiwa rundoni. Sasa nikitaka mlango nimwage makopo yote?"

"Mtoto mwenye adabu hamfundishi shangazi yake kazi."

"Sifundishi, nauliza."

"Muone! Umemtoa wapi huyu, wifi?"

Fundi alisikia, akainamia kitambaa. Alijua binti yake anasema kweli. Yeye mwenyewe hakupanga vifungo vyake kwa rangi. Alivipanga kwa ukubwa wa tundu, kwa kuwa nguo haijali macho, inajali kifungo kipite. Lakini nani angemsikiliza mtu aliyeishia shule ya msingi, mbele ya mtu mwenye cheti?

Vikabaki vile vidogo kabisa, vya mviringo, vinavyokuwa taa za gari na macho ya roboti. Wifi alivimimina kwenye kopo dogo kuliko yote na zuri kuliko yote. Ubavuni lilikuwa na picha ya mtoto anacheka, ulimi nje, anaramba pipi. Fundi alitoka chumbani na sindano kwenye kola.

"Wifi, hiyo picha tuibandue basi. Na hilo kopo likae juu ya kabati."

"Uibandue! Wakati ndiyo inayopachangamsha? Na juu ya kabati nani atapaona? Umeona wapi mtu anapiga picha juu ya kabati?"

Akaliweka kwenye rafu ya chini, karibu na dirisha, mwanga unakoingia vizuri. Akapiga picha amesimama. Akapiga amechuchumaa. Akapiga moja amelala kifudifudi kabisa, mtu mzima, shavu likifuta vumbi la sakafu aliyosema ameisafisha.

Na fundi? Fundi alinyamaza. Aliitazama sakafu, haina kitofali hata kimoja, akasikia moyo unashuka mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu asukwe alimpita Bonge bila kumwachamisha. Ndivyo watu wanavyopatikana. Ukishaona sakafu inang'aa, unadhani hatari imefagiliwa.

Kesho yake mchana wifi alirudi, maana kundi lilitaka picha za ubavuni. Alikuja na bibi wa watoto, mama yake yeye na mama mkwe wa fundi, aliyetamani kuona hayo maajabu. Bibi alikuwa na miwani, nayo kila siku ilikuwa juu ya paji la uso, ikiangalia dari. Alikaa kwenye kochi, Bonge akajisogeza magotini pake. Wifi akageukia dirisha na simu yake. Injinia alikuwa shule. Fundi aliwapa maji ya kunywa, akarudi chumbani kumalizia pindo la sketi ambayo mwenyewe alikuwa njiani kuja kuichukua.

Alikanyaga cherehani. Sebuleni Bonge akasema, "Pi! Pi!"

Neno hilo Bonge alikuwa nalo tangu zamani. Alilipata dukani, mgongoni kwa mama yake, muuza duka alipokuwa akifungua kopo kama lile lile, akimchomolea pipi na kumpoza kilio. Kwa Bonge, kitofali kwenye shuka kilikuwa jiwe. Kitofali kwenye kopo lile kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Kumbe mama yako anazo, anazificha!" bibi akacheka. "Lete nikufungulie, mjukuu wangu."

Fundi akasikia kopo linatikiswa. Kha-kha-kha. Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Pipi hailii hivyo. Pipi zinagandana, zinaanguka kwa uzito. Ile ilikuwa plastiki juu ya plastiki.

"Haya. Usimeze, mumunya taratibu," bibi akasema.

Sketi ilianguka chini pamoja na kiti.

Alipofika sebuleni Bonge alikuwa amesimama mbele ya bibi yake, mdomo wazi. Si ule wa kumwachamia mama. Macho yalikuwa yamemtoka, mikono inapapasa hewa, na hakuna sauti. Hilo watu hawalijui. Wanadhani mtoto aliyekabwa hupiga kelele, wakakaa wakisubiri kelele. Aliyekabwa barabara hasemi kitu.

"Mbona kanyamaza?" bibi akauliza.

"Mpe maji!" wifi akapiga ukelele. "Mtie kidole, wifi, mtie kidole ukivute!"

"Kaa mbali!"

Huyo hakuwa fundi wanayemjua. Alikwisha kaa, akamlaza Bonge kifudifudi juu ya paja, kichwa chini kuliko kiwiliwili, kidevu kimeshikwa, na kwa kisigino cha kiganja akampiga katikati ya mabega. Akampiga tena. Muuguzi wa kliniki aliwahi kuwaonyesha akina mama kwa mwanasesere, na wakati wenzake wakipiga soga benchi la nyuma, fundi alikaa mbele akitetemeka na kushika kila hatua. Woga wake ulikuwa umempotezea mengi maishani. Siku hiyo ulilipa.

Akampiga tena. Kitu cha kijani kikaruka, kikadunda sakafuni, kikabingirika kwenda chini ya rafu.

Kisha Bonge akalia. Akalia kwa sauti ya kuvunja vioo, na fundi akamgeuza, akamkumbatia, akawa anamwambia, "Lia. Lia, mama. Lia tena."

Bibi ndiye aliyezungumza kwanza. "Nimemlisha nini mtoto?"

"Mama na wewe!" wifi akadakia haraka, maana alijua akichelewa lawama itamtua yeye. "Huoni kama ni vitofali? Si uvae hiyo miwani!"

Bibi akaishusha miwani polepole mpaka puani. Akalichukua kopo, akalizungusha, akalitazama ubavuni, akalitazama na juu kwenye mfuniko.

"Nimevaa," akasema. "Naona kopo la pipi. Naona picha ya pipi. Naona mtoto katoa ulimi anaramba pipi. Macho yangu mabovu, mwanangu, nakubali. Sasa wewe mwenye macho mazima, ulipoviweka vitofali humu ulikuwa unaona nini?"

Simu ndiyo iliyomjibia wifi. Ililia ting mkononi mwake, ikalia tena, ikalia mfululizo, na kwa mazoea akaitazama. Bibi naye, miwani ikiwa mahali pake kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasoma kwa sauti: "Hongera, mpenzi. Nyumba inapumua."

Fundi alijifunga khanga, akambeba Bonge mpaka zahanati. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema hewa inapita sawa, akikohoa sana au akipata homa arudishwe. Walipotoka, wifi alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati na mkoba wake.

"Nashukuru Mungu mtoto mzima," akasema. Kisha, kwa sababu kuna watu ambao hata nyumba ikiungua watausifia mwanga, akaongeza, "Ila wifi, kusema ukweli, palipendeza."

Fundi alimkaza Bonge kifuani. Halafu akampita.

Alipofika nyumbani aliyamwaga makopo yote juu ya shuka. Injinia, aliyekwisha rudi shule na kuhadithiwa na bibi, alikuja bila kuitwa. Wakachambua pamoja, safari hii kwa umbo, na vile vidogo vya mviringo vikatengwa pembeni, kila kimoja, pamoja na cha kijani, ambacho fundi alikivua chini ya rafu kwa fimbo ya ufagio.

"Hivi usivitupe," Injinia akasema kwa sauti ndogo. "Ni macho ya roboti zangu."

"Sivitupi. Vitakaa na sindano zangu, kwenye boksi la kufuli. Ukivitaka utaniomba, utajengea mezani, Bonge akiwa amelala."

"Sawa."

Shuka lile fundi alilikata duara, akalikunja pindo, akapitisha kamba. Likitandikwa ni mkeka, kamba ikivutwa ni mfuko. Likarudi kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Halikupigwa picha.

Misuko ilipochakaa alirudi kwa msusi. Hakukaa vizuri akauliza, "Yule mtoto wa nyuma ya soko aliendeleaje?"

"Yupi? Aa, yule! Kumbe lilikuwa funda la uji, lilimpalia tu. Watu bwana wanaongeza chumvi." Msusi akamwinamisha kichwa. "Ila kuna hii nyingine, mpya. Mtoto kalishwa vitofali na bibi yake. Kopo zima! Wamempasua, wamevitoa kwa beseni."

"Mtoto wa nani?"

"Wa mama mmoja hivi."

Fundi akafumba macho, akaacha asukwe. Ndipo ilipoonekana haya yaandikwe, kama yalivyokuwa, kabla beseni halijawa pipa.

Ya kuepuka, kwa mwenye vitofali na mtoto mdogo ndani ya nyumba:

Usitie vitofali kwenye kopo la pipi, la biskuti wala la dawa, hata likiwa limeoshwa.

Usiache picha ya chakula kwenye chombo kisicho na chakula.

Usichanganye vidogo vya mkubwa na vikubwa vya mdogo.

Usiweke vidogo kwenye rafu ya chini kwa sababu ya mwanga.

Usipange kwa ajili ya mgeni. Mpangie anayejenga, mfichie anayetambaa.

Usimpe mtoto kitu kutoka kwenye kopo ambalo hujalifungua wewe na kuangalia ndani.

Usisubiri kelele. Mtoto aliyenyamaza ghafla mfuate.

Usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona, wala usimpe maji akiwa amekabwa.

Usikae benchi la nyuma kliniki.

Na habari ya mama mmoja hivi, usiipeleke kwa wifi.