Diski ya Pili Haitalala Hapa

Kasha lilikuwa na nafasi ya diski mbili za kompyuta, na nyuma yake swichi ndogo ya kuchagua zifanye kazi vipi. Tshenolo alishika bisibisi, tayari kumwamulia dada yake.

"Ziunganishe ziwe moja kubwa. Nafasi tele, na mbio zake si mchezo."

"Na ikifa moja?" Goabaone aliuliza.

"Yamepotea yote. Lakini dada, mbona unaanza na matanga?"

Diski ya zamani ya Goabaone ilikuwa imeanza kukwaruza, na humo ndimo ilimobaki sauti ya baba yao akiwasifu ng'ombe wake. Mzee alirekodiwa mara moja tu, akafa kabla ya mvua. Mji mzima wa Molepolole hakuna mwingine aliyezijua zile sifa. Goabaone aliogopa, na akiogopa huwa mkali.

"Weka kioo," akasema. "Kinachoandikwa huku kiandikwe na kule."

Tshenolo akasogeza swichi, akilalamika kwamba nusu ya nafasi imeliwa bure. Wakajaribu kwa picha za harusi ya jirani. Goabaone akafuta moja makusudi, kisha akachomoa diski ya kwanza aone kama ya pili imeibakiza. Haikuwapo.

Tshenolo akacheka. "Si ulitaka kioo? Ukijikuna, nacho kinajikuna!"

Dada mtu hakucheka. Kidole kikiteleza, zimefutika zote mbili. Mwizi akibeba kasha, kabeba zote mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haukuwa na fundi.

"Kila moja kivyake. Nitanakili mwenyewe kwa mkono wangu, na ya pili haitalala hapa."

"Italala wapi?"

"Thamaga, kwa Mmaphefo."

Tshenolo akaweka bisibisi chini. Tangu urithi wa ng'ombe ugawanywe, dada yao mkubwa hakuwa amekanyaga kwao. "Atakufukuza kwa fimbo!"

"Anifukuze, lakini diski abaki nayo."

Kesho yake Mmaphefo alimwacha amesimama uani, jua likimchoma, huku yeye akichambua maharage. Goabaone hakuzunguka. Alieleza alicholeta na kwa nini, diski na kompyuta zikiwa mkononi.

"Kwa hiyo nikutunzie mali yako."

"Ndiyo, dada."

"Kama ng'ombe aliyepelekwa kufugwa kwa mwenzake."

"Kama huyo huyo."

"Basi desturi unaijua. Anayefuga hunywa maziwa." Mmaphefo akasukuma ungo pembeni, akavuta kiti cha pili. "Siku mliyomrekodi hamkuniita. Fungua hiyo kompyuta."

Goabaone akawasha rekodi; mzee akakohoa, akaanza kuwaita ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe. Mmaphefo alijifunika uso kwa khanga. Goabaone alijua amekosa, akataka kulisema hapo hapo.

"Dada, nisa—"

"Nyamaza," Mmaphefo akamwambia. "Baba anaongea."