Yanayosemwa Humu

Pélagie alikuwa mkunga katika hospitali moja ya Uvira. Vita vilipowakimbiza watu wa Kamanyola na kufika hadi Uvira, alimzalisha mama mmoja huku risasi zikilia nje. Damu ilikataa kukatika. Mtoto alipona, lakini mama yake alimfia Pélagie mikononi.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Hakumwambia mtu. Kazini nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza?

Kisha hospitali ikaleta formasyo ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kupunguza mzigo wa moyo. Mwalimu wao, Bwana Achille, alitoka Bukavu. Aliwaonyesha jinsi ya kupumua polepole, halafu akawaketisha wawili wawili ili kila mmoja amsikilize mwenzake.

"Yanayosemwa humu yatabaki humu," alisema.

Pélagie aliketi na Déborah, mkunga mwenzake aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa. Walisali kanisa moja.

"Yaya, sema tu. Minye niko nakusikia."

Pélagie akasema. Kila akifumba macho anamwona yule mama. Na mara nyingine, mtoto akichelewa kutoka, mikono yake hutetemeka. Alilia, na Déborah akalia naye. Usiku ule Pélagie alilala mpaka jogoo wakamwamsha.

Wiki iliyofuata mkurugenzi, Docta Léopold, alimwita.

"Mama Pélagie, tumeona upumzike kidogo. Utasaidia kwa wafuaji."

"Nifue mashuka? Minye mukunga?"

"Ni kwa ajili yako. Mkunga mwenye mikono ya kutetemeka ni hatari."

"Kuna mtoto nimemuangusha, docta?"

"Bado," alisema, akashika simu yake.

Pélagie alimkuta Déborah kwenye varanda. Funguo za chumba cha wazazi, alizokuwa akizitunza Pélagie, sasa zilikuwa zikining'inia shingoni mwa Déborah.

"Ni weye ulimuambia."

"Yaya, aliniuliza nani iko na shida. Nilizani atakutafutia musaada."

"Na hizo funguo? Nazo ni musaada?"

Déborah alizitia funguo ndani ya blauzi. Jumapili iliyofuata Pélagie alihamia benchi la nyuma kabisa kanisani, na alitoka kabla ya watu kuanza kusalimiana.

Mvua zilipokwisha, Bwana Achille alirudi kuona matunda ya kazi yake. Aliwauliza mmoja mmoja, mbele ya Docta Léopold, kama bado wana mzigo.

"Niko muzuri," alisema Jeancy wa maabara, ambaye nyumba yake ilibebwa na mafuriko na ambaye siku hizi alinuka pombe asubuhi.

"Minye pia niko muzuri," alisema Déborah.

Zamu ikamfikia Pélagie. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, na usiku uliopita hakuwa amelala.

"Niko muzuri," alisema. "Nalala muzuri sana."

Achille alifurahi. Alisema hakuwahi kuona hospitali iliyopona upesi namna ile, akaomba wajipigie makofi. Docta Léopold ndiye aliyeanza. Pélagie alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akarudi kufua.